Sindano ya Minyoo Si Chanjo: Tathmini ya Chanjo za Vimelea vya Mbwa kwa Mfugaji wa Dar

Ingia duka la dawa za mifugo, iwe Mbagala au Bunju, uliza "chanjo ya minyoo ya mbwa", na kuna uwezekano mkubwa usirudi mikono mitupu. Mbwa wako atachomwa sindano kutoka kwenye chupa yenye picha ya ng'ombe, tarehe itaandikwa kwenye kadi, utalipa na kwenda zako. Mara nyingi ulichonunua ni ivamektini ya asilimia 1. Hiyo ni dawa. Inaua baadhi ya minyoo iliyomo mwilini kwa wakati ule, kisha inapungua hadi inakwisha, na mwili haujajifunza kitu. Mbwa akikanyaga tena mchanga wenye lava wa safura mwezi ujao, anaanza upya kama vile hakuchomwa.

Lingekuwa kosa la lugha tu tungelipita kimya. Shida ni kwamba lina gharama. Chupa ile ina miligramu 10 katika kila mililita, na imepimwa kwa ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hichohicho mbwa wa kilo 10 anastahili mililita 0.2, kiasi ambacho bomba la mililita 5 haliwezi kukipima kwa uhakika; linahitajika bomba la mililita 1 lenye vistari vya mia. Muuzaji akikosea kistari kimoja cha bomba kubwa, mbwa amepata mara mbili au zaidi. Mbwa wa jamii ya collie na machotara wao wengi wana kasoro ya urithi inayoiruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo: anayumba, anatokwa na mate, haoni, anaweza kuzimia kabisa. Na hata ukipima sawasawa, ivamektini haigusi tegu. Gharama ya pili ni ya kichwani mwa mwenye mbwa: akishaamini kuwa "amechanjwa", anaacha kuhangaika na kupe na minyoo kwa mwaka mzima.

Basi tuulize swali lenyewe. Je, ipo chanjo ya kweli inayomkinga mbwa dhidi ya magonjwa ya vimelea, na je, inafaa kutafutwa na mtu anayefuga Dar es Salaam? Zipo, ni chache, na tumezipitia moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja ambayo tungemshauri mfugaji wa hapa aagize.

Mbona ng'ombe wanayo?

Swali hili ni halali, kwa sababu wafugaji wa Tanzania wanaijua vizuri chanjo ya ndigana kali. Ile ni chanjo ya kimelea, tena kimelea hai: Theileria parva waliovunwa kutoka kwa kupe, wakahifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, wakachomwa kwa ndama sambamba na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Mchanganyiko unaotumika unaitwa wa Muguga, na ndani yake mna aina tatu za kimelea, mojawapo ikiitwa Serengeti. Kwa lugha ya kawaida, ndama anapewa ugonjwa na dawa yake saa ileile, na akipona anabaki na kinga ya muda mrefu.

Kwa mbwa mbinu hiyo haijibu. Babesia, ambaye ndiye kimelea cha damu kinachomsumbua mbwa zaidi hapa kwetu, haachi kinga imara namna hiyo. Mbwa aliyepona anaweza kuugua tena, hasa akiumwa na aina nyingine ya babesia. Virusi vya parvo vina protini chache ambazo mwili ukizikariri basi kazi imekwisha. Kimelea ana maelfu ya jeni, anabadilika umbo kila hatua ya maisha yake, na wengine wanabadilisha koti la nje wakiwa ndani ya damu. Mlinzi aliyepewa picha ya mwizi hawezi kumkamata anayebadilisha sura kila wiki.

Safura: chanjo iliyofanya kazi ikafa sokoni

Hii ndiyo tunayoiheshimu kuliko zote. Katika miaka ya 1960 mtafiti Thomas Miller, Chuo Kikuu cha Glasgow, alichukua lava wa safura wa mbwa, Ancylostoma caninum, akawapiga mionzi ya eksirei kwa kipimo cha kuwalemaza bila kuwaua. Lava hao wakichomwa kwa mtoto wa mbwa wanaingia mwilini na kusafiri kidogo, lakini wengi hawafiki kuwa minyoo mizima ya kunyonya damu. Mwili unawaona, unawapiga, unakariri. Dozi ilikuwa lava wapatao 1,000, na dozi zilikuwa mbili. Mbwa waliochanjwa walipopewa lava wazima wa kuwaambukiza, idadi ya minyoo iliyokua ndani yao ilipungua kwa karibu asilimia 90.

Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1973. Mwaka 1975 ikaondolewa.

Iliponzwa na vitu vitatu, na mtu yeyote anayekuambia kuwa chanjo ya minyoo iko njiani anapaswa kujibu vyote vitatu. Kwanza, ndani ya chupa mlikuwa na viumbe hai, na viumbe hai wanakufa. Muda wa kukaa dukani ulikuwa mfupi na usafirishaji wake wa gharama. Pili, asilimia 90 si 100. Minyoo michache iliyobaki iliendelea kutaga, daktari akipima kinyesi anaona mayai, mwenye mbwa anauliza amelipia nini. Hakuambiwa kwamba mbwa mwenye minyoo kumi hafi kwa upungufu wa damu ilhali mwenye mamia anakufa. Tatu, na hapa ndipo penye ukweli mchungu, dawa za kutoa minyoo zilikuwa rahisi na zinazidi kuwa nzuri. Nani alipie sindano mbili ghali wakati kidonge kinafanya kazi?

Ndugu yake wa ng'ombe, chanjo ya minyoo ya mapafu iliyotengenezwa Glasgow kwa mionzi vilevile, bado inauzwa Uingereza hadi leo. Kwa hiyo sayansi haikuwa mbovu. Soko la mbwa ndilo lililoikataa, na kwa joto la Dar na umeme wetu, chupa ya lava hai isingemaliza wiki. Kwa ubunifu tunaipa nane kati ya kumi. Kwa matumizi ya mfugaji wa Kimara, sifuri.

Babesia: chupa sahihi, kupe asiye wetu

Hapa ndipo wenye mbwa wa ulinzi hutuma maswali mengi, kwa sababu ndio ugonjwa unaowaua: homa, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mbwa hataki kuinuka. Ulaya zimewahi kuuzwa chanjo mbili. Ya kwanza ni Pirodog ya Ufaransa, iliyotoka miaka ya 1980. Ya pili ni Nobivac Piro, iliyopata kibali cha Umoja wa Ulaya mwaka 2004.

Zote mbili hazina kimelea hai. Babesia hukuzwa maabara ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha kinachochukuliwa ni majimaji yaliyobaki, ambamo kimelea amemwaga protini zake. Mantiki yake ni nzuri kuliko inavyosikika. Sehemu kubwa ya madhara ya babesia haitokani na kupasuka kwa chembe za damu pekee. Protini hizo zinazomwagwa zinaamsha uvimbe mwili mzima, shinikizo la damu linashuka, chembe za damu zinagandana kwenye mishipa midogo. Mbwa mwenye kingamwili dhidi ya protini hizo bado ataambukizwa, ila atazidiwa kidogo.

Soma lebo ya Nobivac Piro kwa makini. Haikuahidi kuzuia maambukizi. Iliahidi kupunguza ukali wa dalili na wa upungufu wa damu. Ratiba yake: mbwa awe na miezi 6 au zaidi, dozi mbili kwa nafasi ya wiki 3 hadi 6, kinga kuanza wiki 3 baada ya dozi ya pili na kudumu miezi 6. Maana yake ni sindano mbili kila mwaka maisha yote. Ina saponini, kitu cha kuamsha kinga, hivyo uvimbe unaouma pale ilipochomwa ni jambo la kutarajia, wakati mwingine kwa zaidi ya wiki baada ya dozi ya pili. Mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha haruhusiwi.

Sasa tuje Dar. Babesia wa Ulaya aliyelengwa na lebo hiyo ni Babesia canis, anayebebwa na kupe aitwaye Dermacentor reticulatus, kupe wa nchi za baridi ambaye hatuna. Kupe wa mbwa wa pwani yetu ni yule wa kahawia, anayepanda ukutani, na huyo hubeba Babesia vogeli. Babesia mkali kuliko wote, yule wa Afrika kusini mwa Sahara, ni Babesia rossi, wa kupe mwingine tena. Cha kuchekesha ni kwamba Nobivac Piro ilitengenezwa kwa protini za canis pamoja na za rossi, kwa sababu mchanganyiko huo ulionekana kupanua kinga. Lakini lebo iliishia kutaja canis peke yake. Mtu anayekuuzia kwa hoja kwamba "ina rossi ndani" anakuuzia kilichomo kwenye chupa, si kinga iliyothibitishwa.

Pirodog nayo ilikuwa na udhaifu uleule kwa njia nyingine: ilikinga vizuri dhidi ya aina iliyotengenezewa, ikapwaya mbwa alipokutana na aina ya mkoa mwingine. Kama aina za Ulaya yenyewe zilikuwa zinaipiga chenga, babesia wa Gongo la Mboto ni habari nyingine kabisa.

Tukiwa wakarimu, nne kati ya kumi, tena kwa mbwa aishiye Ufaransa. Ukiambiwa kuna mtu anaweza kukuletea kwenye begi kutoka Ulaya, kumbuka mambo mawili: chanjo inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 njia nzima, na dawa ya mifugo isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, kuingizwa kienyeji ni kosa. Ikiharibika huna pa kudai.

Leishimania na wengine

Kwenye leishimania, ugonjwa wa kimelea unaoenezwa na nzi wadogo wa mchanga, ndiko pesa ya utafiti ilikokwenda, na ndiko kuna mafanikio ya kueleweka. CaniLeish, 2011: dozi tatu kila baada ya wiki 3, kisha moja kila mwaka. Takwimu zilizoipa kibali Ulaya zinasema mbwa aliyechanjwa ana hatari ndogo mara 3.6 ya kupata maambukizi yanayoendelea na mara 4 ya kuugua. Kasoro yake ya kila siku ni kwamba baada ya sindano, baadhi ya vipimo vya kingamwili haviwezi kutofautisha mbwa aliyechanjwa na mgonjwa. Letifend ya Hispania, 2016, ilirekebisha hilo kwa protini moja iliyobuniwa maabara, dozi moja kwa mwaka. Zote hutolewa kwa mbwa aliyepimwa akakutwa hana maambukizi. Kwa hiyo gharama ya kipimo hesabu ndani ya bei. Brazili waliwahi kuwa na zao mbili, Leishmune na Leish-Tec, na zote zilikuja kusimamishwa.

Ni bidhaa nzuri kwa mbwa wa pwani ya Mediterania au Brazili. Kwa mbwa wa Kigamboni haimo kwenye orodha ya vitu kumi vya kwanza vya kununua. Isipokuwa kama unahamia Hispania na mbwa wako. Hapo anza na daktari wa huko utakakofikia.

Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, tunaipita haraka: hakuna chanjo, na vimelea vyake ndio wale tuliowataja wanaobadilisha koti. Ukimpeleka mbwa Saadani au porini kokote penye mbung'o, kinga ni kutomwacha aumwe, na dalili ya kuangalia ni jicho kuwa na ukungu wa buluu pamoja na homa. Minyoo ya moyo ilijaribiwa kwa lava wa mionzi kama safura, ikaishia maabara. Chanjo ya kupe wenyewe ipo kwa ng'ombe: Gavac ya Kuba na TickGARD ya Australia, za miaka ya 1990, zinazomfanya kupe anyonye kingamwili zinazoharibu utumbo wake. Kwa kupe wa mbwa majaribio yamefanyika. Dukani hakuna kitu. Ukiuziwa "chanjo ya kupe" leo, rudi aya ya kwanza.

Kwa hiyo ununue nini

Kidonge cha kupe. Kwa Dar es Salaam hiki ndicho kinachokaribia chanjo ya babesia kuliko chanjo yenyewe, na sababu iko kwenye saa. Kupe akishajishika, babesia huhitaji takriban siku mbili kukomaa kwenye mate yake kabla ya kuingia kwa mbwa. Bravecto, yenye fluralana, huua kupe ndani ya saa 12 hivi tangu ajishike. NexGard, yenye afoksolana, ndani ya saa 48. Kupe akifa kabla ya siku ya pili kuisha, babesia hajavuka. Kwa ehrlichia, ugonjwa mwingine wa kupe unaoletwa na bakteria, hesabu haiko upande wetu hivyo, kwa sababu bakteria yule anaweza kuvuka ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana mbwa mwenye kidonge bado anaweza kuupata, hasa banda likiwa limejaa kupe. Hilo si kosa la kidonge.

Bravecto inakaa wiki 12, NexGard mwezi mmoja. Hapa mjini hakuna majira ya kupumzika: kupe wa kahawia anapenda joto, na joto tunalo Januari hadi Desemba. Wiki 12 maana yake vidonge vinne hadi vitano kwa mwaka, masika na kiangazi.

Mambo yanayoharibu kazi ni yaleyale. Uzito wa kukisia: panda mzani na mbwa mkononi, kisha panda peke yako, toa. Kukata kidonge cha mbwa mkubwa ugawie wawili: dawa haijagawanyika sawa ndani yake, na kipande kisichotosha ndicho kinachoacha kupe nusu hai. Fluralana kumpa mbwa mwenye njaa: inafyonzwa vizuri zaidi pamoja na chakula, kwa hiyo mpe na ugali wake na dagaa, si asubuhi tumbo tupu. Na mbwa mwenye historia ya kifafa, daktari aamue kwanza, maana kundi hili la dawa linaweza kuamsha degedege.

Mfuko hauruhusu? Amitrazi ya asilimia 12.5 bado ni silaha nzuri: mililita 2 kwa kila lita ya maji, mbwa aloweshwe hadi kwenye ngozi, aachwe akauke bila kusuuzwa, kivulini. Changanya mpya kila mara. Vaa glavu. Paka wa nyumbani asiiguse, na mbwa mwenye kisukari asipewe.

Banda sasa. Sehemu kubwa ya maisha ya kupe wa kahawia haiko juu ya mbwa. Iko kwenye nyufa za tofali zisizopigwa plasta, nyuma ya ubao, juu karibu na bati, kwa kuwa kupe huyu hupanda juu akishashiba. Jike mmoja hutaga mayai hadi kama 4,000. Anayepuliza dawa sakafuni tu ananyunyizia mahali wasipokaa. Anza juu, shuka, ingiza kwenye nyufa, rudia baada ya wiki mbili na tena baada ya mbili nyingine, kwa sababu mayai hayafi na yanaendelea kuangua. Ukiweza kuziba nyufa kwa saruji, fanya hivyo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Minyoo: watoto wa mbwa wapewe dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, na mama pamoja nao, kwa kuwa safura hupita kwenye maziwa. Kinyesi kiokotwe kila siku kabla lava hawajaanguliwa na kuingia mchangani. Safura wa mbwa ndio hao wanaochora mistari inayowasha miguuni mwa watoto wanaocheza pekupeku ufukweni.

Chanjo za kweli unazopaswa kudai kwa daktari aliyesajiliwa ni ya kichaa cha mbwa, ambayo ni ya lazima kila mwaka, na ile ya mchanganyiko yenye parvo na distempa. Kabla hajachoma, omba kuona friji: kuna kipimajoto ndani? Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita wanafanya nini? Stika ya chupa ibandikwe kwenye kadi, na namba ya toleo isomeke. Kadi yenye tarehe na sahihi bila stika ni karatasi.

Na mbwa akishaugua, usikimbilie diminazini, dawa ya babesia ya ng'ombe uliyouziwa kwa pakiti. Babesia huonekana kwenye tone la damu la ncha ya sikio, lililopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Kliniki nyingi zinaweza, na TVLA pale Temeke Veterinari ndiyo maabara ya serikali. Diminazini inafanya kazi kwa mbwa, ila kipimo chake ni miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja tu. Mchanganyiko wa asilimia 7 una miligramu 70 kwa mililita, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 ni nusu mililita. Ikizidi, au ikirudiwa kesho yake kwa sababu "bado hajachangamka", inaharibu ubongo, na hakuna dawa ya kuigeuza. Imidokabi ina nafasi kubwa zaidi ya usalama, hurudiwa baada ya wiki mbili, na huchomwa baada ya atropini ili mbwa asitapike na kutokwa na mate. Kama kipimo kimeonyesha ehrlichia, hizo zote mbili ziache: ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo kila siku, siku 28 kamili, hata kama siku ya nne ameshaanza kubweka getini.